Zeina na Herufi za Ukutani

Kila alasiri akitoka skuli, Zeina alipitia uani kumwamkia baba yake kabla hata ya kuvua viatu. Mzee Taib alikuwa mpishi wa halwa, na pale nyumbani kwao Shella, Malindi, sufuria yake kubwa ya shaba ilikaa motoni tangu adhuhuri. Halwa haitaki kuachwa. Ukiiacha kidogo tu inashika chini. Basi Zeina alimpokea mwiko, akakoroga huku baba akipangusa jasho, wakapeana habari za mchana kutwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, sista wangu."

Siku hizo hakumwita Zeina tena. Tangu binti huyo wa kidato cha nne apeleke ombi la kuingia chuo cha uuguzi Mombasa, baba yake alimwita sista, na kila mteja aliyekuja kununua halwa aliisikia habari hiyo, atake asitake.

Chuo kilikuwa kimejibu. Kilimtaka Zeina apimwe afya katika hospitali ya serikali, na karatasi ya daktari ifike Mombasa kabla ya mahojiano. Nyumba nzima ilifurahi, ila Zeina mwenyewe. Macho yake hayakuona mbali. Darasani ubao ulikuwa kama uliomwagiwa maziwa, naye alinakili kila kitu kutoka daftari la rafiki yake Monicah. Njiani watu walimpungia mkono asiwatambue, wakadhani ana maringo.

Hakuwaambia wazazi wake. Bibi yake mzaa mama alikufa akiwa kipofu, na Zeina hakusahau siku moja, angali mdogo, alipomsikia mama yake, Bi Mahfudha, akilia juu ya mswala. "Ya Rabbi, haya ya mama yangu yaishie kwake. Yasiwafike wanangu." Baada ya kusikia hayo, angemwambia vipi?

Monicah, ambaye baba yake alikuwa karani wa posta, naye alikuwa ameomba chuo hicho hicho. Yeye alipimwa kwanza, akaja mbio hadi Shella.

"Nimepita! Moyo, mapafu, kimo, vyote sawa. Lakini Zeina, kuna na macho. Unafunika jicho moja, unasoma herufi zilizobandikwa ukutani."

Zeina akasema, "Basi nimekwisha."

"Hujakwisha. Wanasema mwenye miwani hachukuliwi, kwa hiyo nimezikariri zote kwa ajili yako."

Wakaketi nyuma ya jiko, wakaziimba zile herufi mstari kwa mstari kama watoto wa chuo cha Kurani. Mzee Taib aliwasikia kutoka kwenye sufuria yake.

"Mashallah! Kidato cha nne na bado mnarudia alifu na be?" alicheka. "Someni, wanangu, someni."

Monicah aliangua kicheko. Zeina akaurudia mstari wa kwanza.

Siku ya kupimwa Mzee Taib hakuwasha moto. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akampakia binti yake kwenye baiskeli, wakaenda hospitalini. Walipofika alisema harufu ya dawa inamtia kizunguzungu, akabaki langoni.

Daktari Kambi alikuwa mtu mpole mwenye sauti nzito. Alimpima Zeina moyo na mapafu, kisha akamsimamisha mbele ya ukuta na kumpa kipande cha kadibodi afunike jicho. Zeina aliona karatasi nyeupe yenye wingu la kijivu, basi. Akavuta pumzi, akaanza. Alizitiririsha herufi zote mpaka mstari wa mwisho, bila kusita hata mara moja.

"Hee! Mimi mwenyewe sizisomi upesi hivyo," alisema daktari akicheka. Akatia sahihi, akagonga muhuri.

Zeina alitoka na karatasi mkononi. Kwenye ujia alikutana na Sista Waruguru, muuguzi aliyempima uzito asubuhi ile.

"Umepita? Hongera! Basi wewe ni mwenzetu. Njoo uone wadi ya kina mama," alisema sista akimshika mkono. Walipofika mlangoni, mgonjwa wa kitanda cha karibu akaomba maji. "Nisubiri hapa kidogo," sista akasema, akainama kumnywesha.

Zeina alisimama akiangalia wadi. Vitanda vya karibu aliviona. Vya mbali vilikuwa vivuli vyeupe. Huko mwisho aliona mkono ukiinuliwa. Kuna mtu ananisalimu, akawaza. Akatabasamu, naye akapunga. Mkono ule ukapunga zaidi. Zeina akazidi kupunga, moyo umemfurahi kwamba wagonjwa wameanza kumpenda.

Ghafla Sista Waruguru aliinua kichwa, akapita mbio ubavuni mwake. Zeina akamfuata, na kila alivyokaribia ndivyo mambo yalivyomdhihirikia. Mama mmoja alikuwa amelala, uso umemsawajika. Chupa ya maji ya dawa iliyoning'inia juu yake ilikuwa tupu, na damu ilikuwa ikirudi kwenye mpira kutoka mkononi mwake. Sista aliufunga mpira ule, akabadilisha chupa, akamtuliza mgonjwa kwa maneno laini.

Yule mama, mkulima kutoka Adu, alimgeukia Zeina akacheka kwa sauti dhaifu. "Mwanangu, mimi nakuita uje, nawe wanipungia kama naenda safari!"

Sista naye akacheka, kwa kuwa hatari imepita. Zeina hakuweza kucheka. Leo sista alikuwa karibu. Je, siku ambayo wadi nzima itakuwa mikononi mwake yeye peke yake? Akaitazama karatasi yenye muhuri, akamfikiria baba yake langoni na jinsi atakavyowaeleza wateja. Kisha akageuka, akarudi chumbani kwa daktari.

"Daktari, zile herufi sikuzisoma," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilizikariri. Mbali sioni."

Uso wa Daktari Kambi ulibadilika. Aliichukua karatasi, akaipasua vipande viwili. "Unajua nilichotilia sahihi hapa? Uongo. Na uongo huo ungeweza kumuua mtu."

"Najua, daktari. Nimeyaona hayo wadini sasa hivi. Niwie radhi."

Akamsimulia yote: chupa, yule mama wa Adu, bibi yake, na mama yake juu ya mswala. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, na hasira ikampungua. Akafungua kabati, akatoa fremu nzito ya kupimia macho, akamvika. Akawa anatia vioo na kuvitoa, kimoja baada ya kingine.

"Sasa tazama nje."

Zeina alitazama dirishani, akashika ukingo wa meza. Mwarobaini ulikuwa na majani, jani moja moja! Na kule langoni, karibu na baiskeli, alimwona baba yake. Mzee Taib alikuwa ameinua mikono yake miwili usoni, midomo ikimcheza kwa dua, na ndevu zake zilikuwa na mvi ambazo Zeina hakuwahi kuziona kwa mbali. Machozi yakamtoka.

"Haya si maradhi ya bibi yako," alisema daktari. "Ni macho yasiyofika mbali tu, na dawa yake ni miwani. Nani aliyekwambia mwenye miwani hachukuliwi?"

"Watu, daktari."

"Watu! Mimi nusu ya walimu walionifundisha walivaa miwani." Akachukua karatasi nyingine, akaandika upya: afya njema, atavaa miwani. Safari hii aligonga muhuri polepole.

Jioni ile Zeina aliwaeleza wazazi wake. Mzee Taib akasema, "Kumbe ndiyo maana kila siku unakoroga halwa pua imo sufuriani." Bi Mahfudha hakucheka. Alilia kidogo, halafu akajifuta kwa upindo wa leso.

Miwani ilipatikana Mombasa, na karatasi ya daktari ikafika chuoni kwa wakati. Zeina na Monicah wakaitwa kwenye mahojiano siku moja. Majibu yalipokuja, yalikuja kwa wote wawili, na baba yake Monicah akayaleta mwenyewe kutoka posta, amevaa kofia upande kwa furaha.

Usiku wa kuamkia safari, mama alimketisha Zeina mkekani akamsuka nywele.

"Mwanangu," alisema, "ulinificha ili nisilie. Najua ni mapenzi. Lakini mimi ni mama yako. Kuambiwa hakuniumizi kama kufichwa. Na huko uendako utawauguza watu. Wote watakuamini uwaambie kweli na uione hali yao ilivyo. Anza na yako mwenyewe. Ukiumwa, sema. Usipoona, sema. Usipojua, sema. Aibu ya kusema ni ya kitambo, na ikishapita, watu watakusaidia."

"Nimesikia, mama."

"Haya, inamisha kichwa. Na hiyo miwani ivue kwanza, inanizuia kusuka."