Hewa ya Saa Tano

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni. Ya pili ilipita karibu na sikio la Nondo, akaisikia ikilia.

Hakuinama. Aliikaza pikipiki yake ya Yamaha, akaipandisha pembeni ya barabara huku watu wakirukia vibarazani, akaibana Land Cruiser aliyokuwa akiifukuza kwenye ukuta wa gereji. Dereva alitoka na Beretta mkononi, akafyatua ovyo. Alipiga pipa, akapiga ukuta, akapiga hewa.

Nondo alifyatua mara moja.

Jamaa alianguka chali, shingo imechanika. Nondo alimpekua kabla hajamaliza kukoroma. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe mmoja tu: "Programu ya ripoti imeshafunguliwa leo. Saa tano kamili oksijeni inafungwa. Mkaguzi asiamke."

Nondo alikuwa mwanamke aliyefanya ujasusi miaka kumi na minne bila kutetemeka. Sasa aliusoma ujumbe ule mara mbili. Mkaguzi alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Mkaguzi wa forodha. Alifungua kontena lililoandikwa vipuri vya matrekta, akakuta bunduki, na akamwona uso kwa uso mkubwa wa magendo hayo. Siku tano baadaye walimfuata getini kwake, wakamtia risasi tatu. Pafu moja lilikwenda. Lililobaki lilikuwa linavuta oksijeni ya bomba katika wodi ya mahututi. Na huo mtambo wa oksijeni ulikuwa mikononi mwa nani? Mume wake mwenyewe, fundi wa hospitali. Shemeji yake Nondo.

Casio ya mkononi ilisema saa nne na dakika thelathini na nane.

"Meza, huyu Nondo," alisema redioni. Meza ndilo jina la ofisi, na sauti ya Meza haijawahi kuwa na haraka.

"Sema."

"Wanamkatia shahidi oksijeni. Saa tano. Kwa kompyuta."

"Kikosi kiko dakika thelathini kutoka hapo."

"Basi kije na mafagio."

Akampigia shemeji. Yule bwana, mshipi wake haukosi bisibisi, alimtuliza kama mtu anayemtuliza mtoto. Kompyuta yake inatumia mfumo wa Linux, si Windows, alisema, na virusi vya Windows haviishiki. Wimbo ule ule aliouimba hata siku ya harusi yake, mezani, wakati watu wanataka kula. Nondo akamuuliza kama kuna mtu amempa kitu cha kuweka humo ndani.

Habari ikatoka taratibu. Wiki iliyopita alikuja mtaalamu wa kampuni ya mitambo, bwana mpole mwenye miwani, akamwachia programu ya kuchapa ripoti. Ilikuwa ya Windows. Fundi akaiendesha kwa Wine, kile kifaa cha kuzidanganya programu za Windows zifanye kazi ndani ya Linux. Ikagoma kusoma mtambo. Basi akaipa mamlaka yote ya kompyuta, akaona kamaliza kazi.

"Shemeji, umempa mgeni funguo za nyumba nzima."

"Lakini ni Linux..."

"Mgeni hajali paa ni la bati au la vigae. Yumo ndani. Leo umeifungua?"

"Saa mbili. Kila siku nafungua saa mbili, nachapa ripoti."

Nondo akasikia mlango ukifunguliwa upande wa pili, kisha kishindo, kisha mtu akiguna kwa maumivu. Simu ikakatika.

Yamaha ilikula barabara.

Nyumba ya mtambo ilikuwa nyuma ya hospitali, karibu na chumba cha kufulia. Mlangoni alisimama pande la mtu ndani ya koti la uuguzi lililombana kwapani. Alimwambia Nondo, kwa upole kabisa, kwamba hapo hapapitwi. Nondo akamjibu kwa goti. Jamaa alipoinama akashikwa kisogo na kugongeshwa uso kwenye bawaba ya chuma, mara mbili, ya tatu ya kumuaga. Koti jeupe halikuwa jeupe tena.

Saa nne na dakika hamsini na sita.

Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi nyekundu: MARUFUKU MOTO NA CHECHE. Nondo aliitazama Glock yake. Humo ndani, risasi moja ingewarusha wote pamoja na wodi. Akaichomeka kiunoni, akaokota spana ya bomba iliyolala kizingitini.

Ndani, shemeji alikuwa amefungwa kwenye kiti, meno mawili yako sakafuni. Usukani wa kufungulia vali kwa mkono ulikuwa umekatwa. Na kando ya kompyuta alisimama Miwani, yule mtaalamu wa programu ya ripoti, tai imenyooka, kisu mkononi.

"Umechelewa, dada," alisema.

Alikuwa mwepesi, mshenzi yule. Kisu kilimpasua Nondo mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Spana ikamjibu begani, mfupa ukalia. Walikumbatiana, wakagonga mitungi, wakaanguka, damu ya huyu ikiingia machoni mwa yule. Nondo akamng'ata sikio. Miwani akampiga kichwa. Nondo akaona giza, akarudi, akalishika goti la Miwani na kulipindua upande ambao goti haliendi.

Miwani alipiga yowe. Na hapo hapo mtambo ukanyamaza.

Saa tano kamili. Vali zote zilijifunga. Ghorofani kengele za wodi zikaanza kulia, na miguu ya wauguzi ikasikika ikikimbia.

Nondo alirukia waya wa kompyuta.

"Zima," Miwani alicheka sakafuni, amekumbatia goti lake. "Kompyuta ikiwaka tu, na programu yetu inaamka. Tumeiandika ijiamshe yenyewe."

Mkono wa Nondo uliganda kwenye waya. Akikosea, hakuna mara ya pili.

Ndipo fundi akainua uso wake uliovimba. "Iamshwe na nani? Mliiandikia Windows. Windows ikiwaka huwaita watu wake wote. Hapa hakuna Windows ya kuwaka, bwana. Hiyo programu haifumbui jicho mpaka mimi niibonyeze kwa mkono wangu. Ikiwaka bila hiyo, kompyuta yenyewe hufungua vali."

"Una hakika, shemeji?"

"Anayekosa pumzi ni mke wangu. Chomoa."

Akachomoa. Akachomeka.

Kioo kilibaki cheusi. Miwani aliacha kucheka. Alijivuta kwa viwiko, kisu mbele, akimlenga fundi kooni. Nondo hakumwonya. Spana ilishuka mara moja, kwa mikono miwili, na miwani ikavunjika pamoja na kilichokuwa nyuma yake.

Herufi nyeupe zilipita kwenye kioo. Sekunde thelathini. Sitini. Fundi alikuwa analia waziwazi, bila aibu. Sekunde tisini.

Mtambo ulikohoa. Vali ya kwanza ikafunguka, ikafuata ya pili, na oksijeni ikaanza kuvuma ndani ya bomba kuelekea ghorofani. Kengele zikazimika moja moja.

Nondo alimkata shemeji kamba. Mzee mzima alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akaifuta Wine na kila kilichokuwa chake, kisha akauliza kwa sauti ndogo atamwambia nini mkewe.

"Mwambie ukweli. Atakupiga. Mimi nitamshikia mto."

Alifunga jeraha kwa tai ya Miwani, akaupiga picha uso uliobaki, akapanda wodini. Mdogo wake alikuwa amefumbua macho juu ya barakoa ya oksijeni. Nondo alimwonyesha picha. Yule mgonjwa akaitazama muda mrefu, kisha akafumba macho mara moja, na chozi likamtoka. Ndiye mkubwa aliyemwona kwenye kontena.

Redio ililia koridoni.

"Nondo, hali?"

"Anapumua."

Aliizima, akashuka ngazi taratibu kutafuta pikipiki yake.