Shemeji Alihamisha Wanafunzi Wangu Kabla ya Mtihani

Nina miaka arobaini na tisa, mkazi wa Kasingirima, baba wa watoto watatu. Haya yalinipata miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kwa wingi, nami nikifundisha watoto wao hesabu katika kituo kimoja karibu na Bangwe.

Chuo sikwenda. Takwimu nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu chakavu vya sokoni Mwanga. Nilipopata kazi ile, nikamwombea nafasi ya ualimu na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulikula sahani moja… ningemshuku kwa lipi?

Fedha za kituo zilipopungua, mkuu wetu alitangaza kwamba atabaki mwalimu mmoja tu. Akaniomba mimi nifanye hesabu ya kumpata, na walimu wenzangu wakaridhia.

Nikawaeleza kwamba wastani mtupu wa darasa ni dhuluma. Mtoto yumo ndani ya darasa, na madarasa hayafanani. Mwalimu mmoja amepokea watoto waliokwishasoma kwao, mwingine amepokea wasiojua hata kuhesabu. Kwa hiyo tuangalie kila mtoto alianzia wapi siku alipofika, kisha tuone darasa lake limempandisha kiasi gani.

Shemeji ndiye aliyeuliza maswali mengi. Jioni moja akaniuliza, "Sasa mtoto anahesabiwa wa darasa gani?"

"Lile analofanyia mtihani wa mwisho," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akanisifu. Nami nikafurahi kupata mwanafunzi ndani ya familia!

Wiki iliyofuata alinijia kwa upole. "Shemeji, darasa lako limejaa, watoto wanakaa chini. Nigawie wachache." Aliwachagua mwenyewe, kwa majina. Evariste, aliyefika hajui kujumlisha na sasa anagawanya. Dada yake. Na wengine wa aina hiyo, walioanzia chini kabisa wakapanda mikononi mwangu. Nilimshukuru… Nilimshukuru, wasomaji!

Mtihani ukafanyika. Nikapiga hesabu kwa mkono wangu, nikarudia, jibu halikubadilika. Darasa la shemeji lilikuwa la kwanza, langu la mwisho.

Nilimweleza mkuu kwamba watoto wale niliwafundisha mimi karibu mwaka mzima. Lakini daftari la kituo lilikuwa na alama za mtoto siku alipofika tu, si jina la mwalimu wake. Shemeji akaitwa. Akasema kwa utulivu kwamba walikuwa wake tangu mwanzo, na kwamba uchungu wa kushindwa unanisumbua. Walimu wengine wakatazama chini.

Mkuu akanigeukia. "Mwalimu, hesabu ni yako mwenyewe. Unaikataa kwa sababu imekuangusha?"

Nikakusanya vitabu vyangu, nikaondoka.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonimaliza… Alikuwa anajua! "Nilidhani akipata yeye, tutakula sote," akasema.

Hatukula sote. Mshahara wa kwanza ulipotoka, shemeji alihamia Mwanga, na salamu zikakoma. Mimi nikarudi kulima. Mke wangu bado ninaishi naye, lakini kuna mambo simwambii tena.

Wasomaji wenzangu, hesabu yangu haikuwa na kosa. Ilimkuta mtoto alipokaa siku ile, haikuuliza alitokea kwa nani. Nawasihi, msimpime mtu kwa kundi mlilomkuta nalo leo. Na mkiombwa kugawa matunda ya jasho lenu, hata na ndugu wa damu, gaweni mbele ya mashahidi. Mimi niligawa tukiwa wawili tu, na mmoja wetu alikuwa mwongo.