Ndege Iliyotoboa Tangi la Mama Mkwe

Ndege ndogo ya fundi Sponji ilitoboa tangi la maji la mama mkwe wake. Iliingia kwa pua, mota ikiunguruma, na maji yakatiririka ukutani hadi sebuleni. Mama mkwe alikuwa amekaa hapo hapo sebuleni, miguu juu ya stuli, karibu na ukuta huo. Aliloa mpaka magoti.

Hakuna aliyeumia. Lakini tangi lilikuwa jipya, na mama mkwe si mtu wa kumeza neno.

"Mkwe wangu," alisema huku akikamua gauni, "nakuheshimu kama mwanangu wa kumzaa. Kwa hiyo nakwambia mara moja tu. Kidude hicho kisionekane tena kwenye kiwanja changu."

"Nimesikia, mama," alisema Sponji. Angejibu nini kingine?

Sponji ni fundi makochi. Jina hilo alibandikwa na mtaa, maana hata akienda harusini, kipande cha sponji hakikosi kwenye nywele zake. Mkewe ni fundi saa. Ana kibanda kidogo cha kioo karibu na kituo cha mabasi. Anashika skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta, na haidondoki.

Siku za mapumziko wawili hao walikuwa na mchezo wao. Mume huunda ndege ndogo kwa mbao nyepesi na sponji ngumu. Mke huirusha kwa rimoti. Wanarushia kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Mume hana mkono wa kurusha. Alijaribu mara moja, ndege ikamrudia, akajificha nyuma ya mkewe. Tangu hapo kila mtu alijua nafasi yake.

Siku ya tangi, mke alikuwa amepandisha ndege juu, mota ikiwa imefunguliwa yote. Ilipofika mwisho wa kiwanja alivuta kulia ili igeuke. Haikugeuka. Akavuta tena. Ndege iliendelea kukunja kushoto taratibu, mota ile ile, kelele zile zile, kama mtu aliyeitwa akajifanya hasikii. Ikapita juu ya ua. Kilichofuata mnakijua.

Mke hakumlaumu mtu. Alitazama vidole vyake.

"Mikono imenitupa," alisema.

"Mke wangu, uzee hauna mwenyewe," Sponji alimwambia. "Hata mimi sindano siku hizi naitafuta tundu."

Alidhani anamfariji. Kumbe alikuwa anapigilia msumari.

Maana mke alianza kurudisha saa za watu. Mteja akileta saa, anaigeuza, anaitazama, kisha anasema, "Mpelekee fundi mwingine. Mimi mkono hautulii." Alirudisha ya kwanza. Akarudisha ya pili. Hadi wiki ya tatu alikuwa amerudisha saa tano, na kibandani alikuwa anabadilisha betri na mikanda tu. Nyumbani alikuwa akinyoosha mkono mbele ya taa na kuutazama kama unatetemeka. Ukiutazama mkono wowote kwa muda mrefu, utatetemeka.

Sponji aliliona hilo, na likamkaa rohoni.

Siku moja jirani yao alimletea kiti. Huyu mama anaendesha winchi kwenye ghala la vyuma. Hapandi juu. Anasimama chini, rimoti imening'inia kifuani, na mzigo wa tani tatu unakwenda anakotaka yeye. Mtaa mzima unamwita Winchi. Naye hurusha ndege ndogo, tena ni wa siku nyingi.

"Shemeji," alisema, akitua kiti mlangoni, "springi ya kiti hiki imenichoma makalio mpaka nimeanza kuiheshimu. Nifanyie mpango." Kisha akaona gunia pembeni, bawa lililovunjika limechomoza. "Hii ndiyo iliyomwogesha mama mkwe?"

"Ndiyo hiyo. Ucheke yaishe."

"Nitacheka baadaye. Ilikuwaje?"

Sponji alimweleza. Mwisho akasema, "Ndiyo hivyo. Mikono ya mke wangu si ile ya zamani."

Winchi aliacha kutabasamu. "Ilipokataa kugeuka, mota ilifanya nini?"

"Iliendelea kuvuma tu."

"Haikupungua? Hata alipoirudisha chini?"

"Hata kidogo."

"Shemeji, mkono uliozeeka unakosea. Unavuta kushoto badala ya kulia. Unachelewa. Lakini haufanyi mota ikatae kuzima. Mwaga hilo gunia mezani. Nataka kuona tumbo la ndege kabla hujamzeesha mwenzio."

Sponji alimwaga. Winchi akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa safi kama kochi la maonyesho. Hakuna waya hata mmoja uliochungulia.

"Kazi nzuri," alisema Winchi. "Nzuri mno. Risiva iko wapi?"

Risiva ni kile kidubwasha kidogo kinachokaa ndani ya ndege na kusikiliza rimoti. Rimoti ikisema kulia, risiva inavipa amri vimota vidogo vinavyovuta usukani. Bila risiva, ndege ni ubao unaoruka.

Sponji aliichimbua. Alikuwa ameifunga kwa kipande cha sponji.

"Hapo umefanya vizuri," alisema Winchi. "Sponji inazuia mtikisiko. Antena ziko wapi?"

"Nilizikunja, nikazipitisha chini ya betri. Juu nikabandika selotepu ya foili, ile ya karatasi ya bati, ili zisilegee." Sponji alisema hivyo kwa fahari. "Fundi makochi haachi uzi unaning'inia."

Winchi alishika kichwa. "Shemeji! Umemziba mtu masikio, umemkalisha nyuma ya mlango wa bati, halafu unamlaumu anayemwita?"

Akamwonyesha. Antena zilikuwa nyaya mbili nyembamba. Ncha ya kila waya, urefu wa karibu sentimita tatu, ilikuwa tofauti na sehemu nyingine.

"Ncha hii ndiyo sikio. Haikatwi, haikunjwi. Foili inaizuia. Betri inaizuia. Mota, chuma, na fito nyeusi za kaboni zinazotiwa kwenye mabawa pia. Ncha zikae mbali na vitu hivyo. Na zikae kama herufi L, moja imelala, moja imesimama. Ndege ikigeuka upande ambao sikio moja halisikii vizuri, lingine linasikia."

"Mbona iliruka vizuri mara mbili kabla ya hapo?"

"Mliirusha karibu. Karibu hata kiziwi anasikia kofi mlangoni." Akageuza risiva, akaisogeza kwenye mwanga. "Na hii uliichagua kwa nini?"

"Ilikuwa ndogo na nyepesi. Bei yake nayo haikuuma."

"Soma hapa."

Sponji alisoma. Maandishi yalikuwa madogo, lakini yalikuwepo. Risiva ile ilitengenezwa kwa ajili ya ndege za kurushwa ndani ya ukumbi. Masafa yake yalikuwa mafupi.

"Hukusoma?"

"Niliangalia picha."

Winchi hakumsimanga. Alisema, "Tuijaribu basi, usije ukaniamini kwa mdomo tu."

Risiva ilikuwa bado nzima. Waliiunganisha na betri na kimota kimoja cha usukani. Sponji aliirudisha yote kama ilivyokuwa, na foili juu. Winchi alichukua rimoti, akaiweka kwenye nguvu ndogo ya majaribio, maana rimoti nyingi zina sehemu hiyo. Akatoka nje, akaenda akichezesha kijiti.

Kimota kilicheza. Alipofika kwenye duka la vinyozi, kikaanza kusita. Alipolipita, Sponji aligeuza tumbo la ndege. Kikafa.

Sponji alibandua foili. Akatoa nyaya chini ya betri, akazinyoosha kama herufi L. Kimota kikafufuka papo hapo.

Alisimama pale, foili mkononi, akimfikiria mkewe anavyotazama vidole mbele ya taa.

"Kuna moja tena," alisema Winchi aliporudi. "Winchi yangu ikipoteza mawasiliano na rimoti, unajua inafanya nini? Inasimama. Mzigo hauendi popote. Isingekuwa hivyo, ghala lingejaa maiti. Risiva nayo inaweza kuwekewa amri ya dharura: usiposikia kitu, zima mota. Yako haikuwekewa. Ilishikilia amri ya mwisho iliyoisikia, na amri ya mwisho ilikuwa mota yote. Ndiyo maana ilikwenda na nguvu zake mpaka kwa mama mkwe."

Jioni hiyo Sponji hakuzunguka. Alikaa mbele ya mkewe, akaweka risiva mezani.

"Si mikono yako," alisema. "Ni mimi. Nilificha antena chini ya foili. Nilinunua risiva ya ukumbini. Na mota sikuiwekea amri ya kuzima."

Mke aliichukua risiva, akaigeuza. Kisha akasema, "Wiki tatu."

"Ndiyo."

"Wiki tatu navitazama vidole vyangu kama wezi! Na wewe unaniletea chai, unaniambia uzee hauna mwenyewe! Uzee huo ni wako, mzee wewe!"

"Ni wangu."

"Sindano unaitafuta tundu! Tafuta na akili!"

"Naitafuta, mke wangu."

Mke alimtazama, sponji ikiwa imemning'inia sikioni, akashindwa. Alianza kucheka, na katikati ya kucheka akafuta machozi. Halafu akanyoosha mkono mbele ya taa. Ulitulia kama jiwe.

Safari hii walikwenda dukani watu watatu. Winchi aliwaacha waulize wenyewe.

"Risiva hii inaelewana na rimoti yetu?" aliuliza mke, akitoa rimoti kwenye mkoba.

"Zote zinatumia mawimbi ya aina moja," alisema muuzaji.

"Mimi na wewe tunatumia hewa ya aina moja, lakini ufunguo wangu haufungui mlango wako," alisema Winchi. "Mawimbi yakiwa sawa, bado kila kampuni ina lugha yake. Iunganishe hapa tuone."

Muuzaji aliunganisha. Ya kwanza haikukubali. Ya pili ilikubali. Mke alihesabu njia zake za amri: mota, usukani wa mkia, wa kupanda na kushuka, na wa mabawa. Nne zilitosha, risiva ilikuwa na sita. Ilikuwa na antena mbili. Sponji alisoma karatasi yote ya maelekezo, mpaka jina la kiwanda. Masafa yalikuwa ya kurushia nje, mahali pa wazi. Muuzaji alianza kupiga miayo, lakini Sponji hakuharakishwa.

Aliunda ndege mpya. Antena alizipitisha kwenye mirija miwili ya plastiki, akaziacha zionekane. Kila alipozipita mkono ulimwasha azifiche. Hakuzificha. Mke akashusha kijiti cha mota mpaka chini kabisa, akaweka amri ya dharura kama karatasi ilivyosema. Propela walikuwa wameing'oa kwanza, maana mota ikishtuka, propela inakata kidole.

Kisha wakaenda kwa mama mkwe, mikono nyuma.

"Nilisema nini?" aliuliza mama mkwe mlangoni.

"Ulisema kisionekane, mama," alisema Sponji. "Tumekuja kuomba ukikague. Ukikikataa, nakivunja mbele yako. Kosa la kwanza lilikuwa langu, si la binti yako."

"Hilo la kwamba si la binti yangu nililijua," alisema mama mkwe. "Leteni."

Walimpa ndege aishike, propela bado haijafungwa. Mke aliwasha rimoti kwanza, ndege baadaye, ndivyo inavyotakiwa. Akaweka nguvu ndogo, akaenda hatua thelathini, kisha akaongeza hatua nyingine.

"Igeuze, mama!" alipaza sauti. "Kila upande!"

Mama mkwe aliigeuza juu chini, ubavu kwa ubavu, kama anayekagua kitambaa cha bei. Mkia na mabawa vilicheza bila kusita. Mke akafungua mota. Ilivuma. Vilicheza vile vile.

"Sasa zima hiyo rimoti ghafla," aliamuru mama mkwe. "Nataka kuona ujeuri wake."

Mke alizima. Mota ikanyamaza mikononi mwa mama mkwe.

"Washa." Iliwashwa. "Zima." Ikanyamaza. Alirudia amri hizo mara kadhaa, mpaka Sponji akaona kuwa sasa mama anacheza tu.

"Haya," alisema mwishowe. "Lakini mimi nakaa karibu na tangi langu."

Walifunga propela. Mke aliirusha. Ilipanda, ikafika mwisho wa kiwanja, pale pale ya kwanza ilipokataa. Mke alivuta kulia.

Ikageuka kulia.

Aliizungusha mara tatu. Akaipitisha mbali na tangi, mbali kwa heshima, kisha akaishusha kwenye nyasi, karibu na viatu vyake. Alizima ndege kwanza, rimoti mwisho.

"Mikono hiyo ni ya kwangu," mama mkwe alimwambia Sponji. "Mimi ndiye niliyeizaa."

Asubuhi iliyofuata mke alifungua kibanda. Mtu alileta saa ya baba yake, imesimama. Aliigeuza, akaitazama, akavaa lenzi yake jichoni.

"Iache," alisema.

Hasara yote ni hii. Tangi moja la mama mkwe, ambalo Sponji alinunua lingine. Zulia moja la sebuleni. Ndege moja na risiva moja isiyofaa. Wiki tatu za mkono uliotazamwa mbele ya taa. Na saa tano za watu zilizorudishwa. Tatu zilirudi. Mbili zilishatengenezwa na fundi mwingine, na wenyewe wamehamia kwake.