Bata wa Gordon Aligeuka

Jambo lilianza dogo, dogo kiasi kwamba mtu mwenye haraka zake angelipita tu: bata aligeuka.

Alikuwa bata wa mpira, wa njano, wale wa kuogea watoto. Miaka kumi na moja alikaa juu ya meza ya Gordon Pelletier, pale ofisini kwao mjini Kanata, uso wake ukielekea skrini ya Gordon. Jumatatu moja ya Januari Gordon kaingia, kakung'uta theluji viatuni, kakuta bata kampa mgongo. Anatazama meza ya pili, ya yule binti mgeni, Tessa Kowalchuk.

Gordon akamgeuza, akaenda kuchukua kahawa. Kurudi, bata kampa mgongo tena.

Na msicheke kwamba mtu wa miaka hamsini na sita anafuga bata wa mpira. Mafundi wale ndivyo walivyo. Kazi yao ni kuandika draiva, ile programu inayokaa katikati ya kompyuta na kifaa kama mkalimani. Mkalimani akiteleza mahali pamoja tu, kifaa kinakufa, na kosa halionekani kwa macho. Basi fundi akishindwa humweka bata mbele yake, akamsomea programu mstari kwa mstari, kwa sauti, na mara nyingi kabla hajafika mwisho mdomo wake mwenyewe unalinasa kosa. Wote wanafanya hivyo, hata wenye shahada tatu. Bata hachoki, hacheki, hatoi siri.

Hatoi siri! Ngojeni kwanza.

Tessa alikuja kutoka mbali, Manitoba, kwa majaribio ya miezi mitatu. Kazi yake ilikuwa draiva ya kipimajoto cha vitanda vya watoto njiti. Ijumaa ya mwisho ya Januari ikikimbia kutwa nzima bila kufa, Tessa anaajiriwa. Ikifa, anarudi shambani kwa baba yake. Gordon ndiye aliyeambiwa amfundishe, na mwanzoni alimfundisha kwa moyo mweupe. Alimwonyesha jinsi kifaa kinavyopiga kengele kikiwa na habari, na jinsi draiva inavyotakiwa kuacha yote na kukijibu, "Nimesikia." Alitembea ofisini kifua mbele kama jogoo, maana ana mwanafunzi.

Kisha mwanafunzi akapata, kwa siku mbili, kosa lililomshinda Gordon mwezi mzima. Bosi wao, Lorraine, akaleta donati. "Gordon, kaa vizuri, kiti kinavutwa hicho!" akasema, na watu wakacheka. Gordon naye akacheka, kwa meno tu.

Mchana ule, Ijumaa kabla bata hajageuka, wenzake walipokwenda kantini, yeye alibaki na bata. Badala ya kumsomea programu, akamsomea Tessa. Aliyoyasema mtayasikia, maana hayakubaki pale.

Kuanzia hapo ofisi ikanuka. Ilikuwa harufu ya lehemu, ule moshi mtamu wa utomvu unaotoka fundi anapounga nyaya, lakini vyuma vya kulehemu vilikuwa baridi kwenye kabati. Halafu ikaja sauti. *Kwii.* Kama mtu kamminya bata kidogo, kwa vidole viwili.

"Wewe ndiye unayemchezea huyo, mzee?" Tessa akauliza.

"Ni mabomba ya joto," Gordon akasema.

Draiva ya Tessa ikaanza kufa. Inakimbia saa moja, kisha kimya. Akiweka mistari ya kuchapisha ujumbe ili aone inafia wapi, haifi. Akiitoa, inakufa.

"Nikiitazama inajifanya malaika," alilalamika. "Nikigeuza shingo tu, maiti."

"Mambo ya kasi hayo," Gordon akamwambia. "Ujumbe unaichelewesha. Wapya wote hupitia huko, vumilia." Na moyoni, Mungu anisamehe kwa kumsema mtu, aliona raha.

Raha iliisha Jumatano. Tessa alimwita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona nyoka chini ya kiti.

"Gordon. Njoo usome hapa. Huu ujumbe mimi sijauandika."

Kwenye skrini, katikati ya namba za joto, kulikuwa na maneno: *Laiti kifaa chake kisingeamka.* Chini yake: *Laiti angerudi alikotoka.* Chini zaidi: *Mimi nilikuwa wa kwanza hapa.*

Gordon aliyajua maneno yale kama mtu anavyojua shati lake kwenye kamba ya jirani. "Takataka za kwenye kumbukumbu ya mashine," akasema. "Futa."

"Na hii namba je? Kipimajoto kinaning'inia hewani, chumba kina nyuzi ishirini na moja. Mbona kinasoma thelathini na sita?"

Alhamisi asubuhi kilisoma thelathini na tano, na Tessa alikuwa amevaa koti ndani ya ofisi. Mchana kilisoma thelathini na nne na nusu, na kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau, na alipoinua kikombe cha chai mikono ilitetemeka hadi chai ikamwagika kwenye vitufe, na Gordon, aliyekuwa akijidanganya tangu Jumatatu kwamba ni mabomba na ni kasi na ni takataka, alitazama namba kisha akamtazama binti, namba kisha binti, akaelewa kwamba kile kifaa kilikuwa kinapima mwili wa Tessa, kutoka mbali, bila waya, na kwamba bata aliyempa mgongo alikuwa anamtazama yule mtoto wa watu kama paka anavyotazama samaki kwenye sahani, anangoja apoe.

Akakimbilia kantini.

Mpishi pale alikuwa Doreen Whiffen, mama wa kisiwa cha Newfoundland, ambako watu hawaingii msituni bila kipande cha mkate mfukoni, kama kinga dhidi ya wale wasiotajwa. Doreen alimsikiliza huku akimenya viazi.

"Hebu rudia, mwanangu. Ulimwambia nini nani?"

"Bata."

"Miaka kumi na moja unakipa kitu masikio, unakilisha maneno, na siku ya kukitumia vibaya unashangaa kimeitika?" Akatupa kisu kwenye beseni. "Mjinga wewe! Sisi kwetu hatuzungumzi hata na mbuzi vile. Limeingia jini lenye wivu, na wivu huo ni wako, umelikaribisha na kulipa kiti."

"Nimchome moto?"

"Choma uone, litahamia kwa nani. Mnapomsomea kosa, kosa linatokaje?"

"Kwa kulisema. Mstari kwa mstari."

"Basi umejijibu. Ila safari hii humwambii bata. Unamwambia mwenyewe."

Siku ile Gordon hakupata ujasiri. Ijumaa saa tisa mchana, nje kumeingia giza la dhoruba ya theluji, walikusanyika: Lorraine na saa yake ya kupimia jaribio, Tessa kwenye kiti kajifunika blanketi mbili, midomo imekauka, na Doreen, kageuza koti lake ndani nje, kinga nyingine ya kwao, mkate umetuna mfukoni. Kipimajoto kilisoma thelathini na tatu.

Gordon akasimama mbele ya Tessa. Akayasema. Nilitamani kifaa chako kisiamke. Nilitamani urudi kwenu. Nilipokuona unaelewa haraka nilikuonea wivu. Kila mstari, sauti ikikatika. Lorraine aliziba mdomo kwa kiganja. *Kwii*, bata akalia, *kwii*, na harufu ya utomvu ikajaa hadi macho yakawawasha. Namba ikapanda: thelathini na nne. Thelathini na tano.

Ikasimama.

"Nimemaliza," Gordon akasema.

"Hujamaliza," akasema Doreen. "Umeruka mmoja."

Gordon akainama. Kilichokuwa moyoni alishakisema; hiki kilikuwa cha mkono, na ndicho kinachomnyang'anya mtu heshima ya ufundi. Namba ikaanza kushuka tena, na kichwa cha Tessa kikalala begani.

"Nilipoikagua kazi yako," Gordon akanong'ona, "ulikuwa umeweka 'Nimesikia' mwanzoni, kabla ya kusoma joto. Ulikuwa sahihi. Mimi nikakuambia uipeleke mwisho, kwamba ndivyo tunavyofanya hapa. Nilijua kengele ya pili ikilia katikati itafutwa bila kusikiwa, na kifaa kitangoja milele. Nilijua, Tessa."

Bata alilia mara moja, kwa kirefu, akanyamaza. Namba ikapanda hadi thelathini na sita na nukta nane, kisha ikaanguka hadi ishirini na moja, joto la chumba tu.

Tessa akafumbua macho. Hakulia wala hakutukana. Alivuta kibodi, akaurudisha mstari mwanzoni kwa vidole vilivyokuwa bado vya zambarau, ndipo akamtazama mwalimu wake.

"Nilikuamini kuliko kitabu," akasema. "Nenda zako."

Lorraine alisogeza jaribio hadi Jumatatu. Draiva ikakimbia kutwa nzima, na Tessa yupo kazini mpaka leo, na juu ya meza yake hakuna mdoli wa aina yoyote. Gordon aliaga mwenyewe, akahamia kijumba chake, mji mdogo wa Arnprior. Bata hakuonekana. Doreen alimtafuta na mfuko mkononi, hadi ndani ya mapipa. Hayupo.

Machi, Doreen akasema aende amwone Gordon, binadamu ni binadamu. Akampelekea pai ya nyama, na mkate wake mfukoni. Gordon alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda, lakini nyumba ilikuwa na joto zuri, na ilinuka utomvu. Ukutani jikoni kulikuwa na kipimajoto. Doreen alipoketi kilisoma thelathini na sita na nukta nane. Alipovua glavu kilisoma thelathini na sita. Alipoanza tu kuuliza habari, thelathini na tano na nusu, na vidole vyake vikaingia ganzi, ingawa mkate ulikuwa mfukoni.

Kwenye kizingiti cha dirisha bata wa njano alikuwa amempa Gordon mgongo, anamtazama mgeni.

"Nenda, Doreen," Gordon akasema polepole, bila kuinua macho. "Tafadhali. Hapendi nikizungumza na mtu mwingine."