Mbuzi wa Ntheo Ndani ya Kombi ya Baba

— Rejeta ilichemka, babe. Hapo Mlolongo. Nikasimama kutafuta maji, ndio nikachelewa.

Nilimwangalia Ngui kutoka juu hadi chini. Tangu asubuhi nilikuwa nimekaa kwa geti ya ploti yangu hapa Machakos mjini, begi miguuni, nywele nimesuka mpya, na sasa jua la saa saba lilikuwa linanipasua kichwa. Tulikuwa tunaenda Mombasa likizo, wiki nzima, mimi na yeye na Kombi ya baba yangu.

— Rejeta ya nini?

— Ya hii Kombi. Kwani ya nini?

Jamani! Hiyo Kombi baba aliinunua kabla sijazaliwa. Injini iko nyuma na inapozwa na upepo. Haina rejeta, haijawahi kuwa na rejeta, na kwetu Masii hata mtoto mdogo anajua hivyo. Ngui amezoea Probox, gari zenye rejeta. Baba alikuwa amempa ile Kombi jana tu, aipeleke Athi River ibadilishwe tairi ndio tusafiri salama.

Nikapakia begi, tukaondoka. Msinione mjinga. Moyo ulikuwa umeshaniambia kuna mwanamke, na mwizi ukimpigia kelele mapema anatoroka.

Tulipofika mji wa Salama simu yake ikalia. Jina: Fundi Urbanus. Akaikata. Ikalia tena. Akaikata.

— Si ushike? Pengine ni mambo ya tairi.

— Huyo anasumbua tu.

— Fundi gani anabembeleza hivyo?

— Ndila, tafadhali. Tuko likizo. Usianze.

— Nimeanza nini? Mimi nimeuliza fundi tu.

Akaongeza sauti ya redio. Mimi nikageuza uso dirishani, lakini haki ya Mungu sikuona hata mti mmoja. Nilikuwa namtengeneza huyo mwanamke kichwani. Mara ni mweupe, mara ni mfupi, mara anacheka na meno yote. Nilikuwa namchukia na hata sijui jina lake.

Emali tukasimama. Ngui akaenda kununua machungwa, akasahau simu kwa dashbodi. Mimi mbio nikaingia nyuma, kwa kile kitanda ambacho mama alikishonea mapazia. Nikanusa mashuka. Nikainua mito nikitafuta hereni, unywele, chochote. Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya kitanda.

Mavi ya mbuzi.

Aki nilicheka mpaka machozi yakatoka. Kulikuwa na mavi, majani makavu na kipande cha kamba ya katani. Ngui alikuwa amebeba mbuzi! Na sisi Wakamba, kijana akibeba mbuzi kwa siri, akavaa shati safi kama ile Ngui alikuwa amevaa siku hiyo, anapeleka ntheo. Ni zile mbuzi za kwanza za posa. Wazee wa msichana wakishazipokea na kuchinja, huyo msichana ameolewa, yaliyobaki ni sherehe tu. Miaka yote hii nilikuwa nazingoja mbuzi zangu, na kumbe mpenzi wangu amezipeleka Masii bila kuniambia! Na mimi hapa nanusa mashuka kama mbwa wa polisi. Niliona aibu, nikampenda upya.

Nikampigia mama.

— Mwaitu, mmepokea wageni leo?

— Wageni gani?

— Usinifiche, nimeshajua. Zimefika mbuzi ngapi?

— Mbuzi za nani, Ndila? Hapa tuko mimi na babako tangu asubuhi. Kwani Ngui alisema analeta?

Nikakata simu. Kama hazikuenda kwetu, zilienda wapi?

Simu ya Ngui ikalia kwa dashbodi. Fundi Urbanus. Nikaishika, nikasikia sauti ya mwanamke.

— Mume wangu, mbona hushiki? Wazee bado wanakula, wanataka kujua kama umefika salama na hao wazungu unaopeleka Mombasa.

Wazungu! Kumbe mimi ndio wazungu.

— Wewe ni nani? nikauliza.

— Wewe ndio nani? Mimi ni Kavutha, bibi yake. Amenitolea ntheo asubuhi hapa kwetu Kithimani.

— Mimi ni Ndila. Hiyo gari iliyoleta mbuzi zenu ni ya baba yangu.

Akasema polepole:

— Alituambia ni yake. Baba hata ameiombea.

Sauti yake ilikuwa nzuri, hiyo ndiyo iliniuma. Nilimwonea wivu kwa nyama iliyokuwa inaliwa kwao saa hiyo, na wazee wanaomwita mke wa mtu, na shati safi ya Ngui iliyovaliwa kwa ajili yake. Nikakata simu.

Ngui alirudi akitabasamu, machungwa kwa mfuko. Aliona simu yake mkononi mwangu, tabasamu likaisha.

— Umechinja ngapi, Ngui?

— Babe, ngoja nikueleze...

— Ngapi!

— Moja tu. Ndila, ana mimba. Babake alikuwa ananitafuta na panga. Ningefanya nini?

— Ungeniambia! Umeenda kuoa, ukatumia gari ya baba yangu, halafu ukanikujia mimi na hadithi ya rejeta!

— Lakini ni wewe nakupenda. Nitaleta na zako, hata sita. Mwaka ukiisha nitaleta.

— Niwe wa pili?

— Si lazima tuite hivyo.

Wanawake wa machungwa walikuwa wameacha kuuza, wanatusikiliza. Nilimpenda huyu mwanaume, sitadanganya. Kama angesema neno moja la kweli siku moja kabla, pengine ningelia tu, nikamsamehe. Nikanyoosha mkono.

— Lete funguo.

— Ndila, utaniacha hapa Emali?

— Si naacha bwana ya mtu. Barabarani kuna basi za kurudi.

Akanipa. Nikamtupia begi yake, nikakaa kwa usukani ambao baba alinifundishia nikiwa shule ya upili. Mama akanipigia, nikamwambia yote.

— Unarudi nyumbani, mwanangu?

— Hapana, mwaitu. Likizo ni yangu. Naenda Mombasa.

Nililia mpaka Kibwezi, kwa sauti, hakuna wa kunisikia. Hapo ndipo meseji ya Ngui ikaingia:

"Nimekosa, nakiri. Sema tu neno, nikufuate na basi ya usiku. Bado ni wewe tu moyoni."

Nikasimama pembeni. Niliisoma mara mbili, na niseme ukweli, kidole kilienda kwa "njoo." Kisha nikaandika:

"Rudi Kithimani, Ngui. Bibi yako anangoja, anataka kujua kama umefika salama."

Nikaituma, nikaifungia namba yake, nikatia gia.