Shemeji Kwenye Mlango wa Kazino

Ndugu zangu wa Bunia, nawasimulia nyumba moja ambayo mwaka jana tu ilikuwa na amani. Gauthier aliuza samaki wa Kasenyi, mkewe Léonie alishona nguo, na jioni walikula pamoja wakipanga harusi ya mtoto wao Chris. Ng'ombe wanne wa mahari walikuwa tayari malishoni Aveba.

Kisha Gauthier akanogewa na mashine za kazino, mpaka mtaji wa samaki ukaisha. Nitampa haki yake: aliona aibu, akaenda yeye na Léonie kwa meneja, akasaini karatasi ya kujizuia. Mwaka mzima asiruhusiwe kuingia, hata akiomba. Picha yake ikabandikwa karibu na mlango.

Mlinzi wa mlango huo alikuwa Aimé, mdogo wake Léonie. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu, mtu aliyemwoa dada yako na kumpa baba yako ng'ombe, humfukuzi mbele za watu.

Wiki ya tatu Gauthier akafika.

"Shemeji, picha yako iko hapa," Aimé alisema kwa sauti ndogo.

"Niko naingia kuangalia mupira tu. Utanifukuza kama mwizi, miye nilioa kwenu?"

Aimé akatazama chini, akafungua.

Heshima gani hiyo, jamani? Gauthier alirudi kesho yake, na keshokutwa, na Aimé hakumwambia dada yake neno.

Siku ya mahari, wakwe wa Chris walipanga viti wakapika. Ng'ombe hawakuonekana. Chris akapiga simu Aveba, na mchunga ng'ombe akamjibu kwamba baba yake aliwauza wote mwezi uliopita. Baba wa binti akasema amedharauliwa, na uchumba ukavunjika mchana uleule. Chris akaenda Nizi kuchimba dhahabu. Hazungumzi tena na baba yake.

"Yaya, ni miye nilimufungulia," Aimé alimlilia dada yake. "Niliona haya."

"Weye uliona haya," Léonie akajibu, "na miye nimekosa mutoto."

FUNZO

Ukiona mchezo umekushinda, jizuie, na usione aibu kusaini. Lakini karatasi peke yake haimzuii mtu. Wewe uliyewekwa mlangoni, mkatalie hata shemeji, hata mbele za watu. Atakununia mwaka mzima, mwache anune. Aimé angemkatalia mara moja tu, Chris angekuwa na mke leo.