Mikoba ya Kijiti

Kila jioni, kabla ya kufungua daftari la hesabu, Kijiti alifagia chumba cha kushonea cha mama yake. Alikusanya nyuzi, vipande vya vitambaa na masalio ya sponji ambayo mama alijazia mito ya viti, akavitia vyote kwenye gunia nyuma ya mlango. Jina la utani la Kijiti alipewa na kaka yake kwa sababu ya miguu yake myembamba, na sasa hata walimu walimwita hivyo.

Jioni hiyo aliuegemea ufagio katikati ya chumba, macho ameyakodoa kwenye mikoba miwili ya turubai iliyolala mezani, mitupu, midomo wazi.

Mikoba hiyo, ya kufungwa pande mbili za baiskeli, aliletewa na shangazi yake. Shangazi alikuwa mpimaji wa ardhi, mwanamke mrefu asiyesema "kama mita kumi hivi" ikiwa anaweza kusema "mita tisa na nusu". Kila likizo alifunga mizigo kwenye baiskeli akaenda mbali. Safari hii alikuwa amekubali kwenda na Kijiti: wiki nzima barabarani, hadi ziwani na kurudi, wakilala kwenye hema. Ila aliweka sharti.

"Hema na sufuria nitabeba mimi," alisema. "Wewe utabeba vitu vyako, pamoja na pampu na viraka vya pancha, vyetu sote wawili. Utachagua mwenyewe cha kupakia. Jumamosi tutapanda mlima wa tangi la maji, nawe uwe na mzigo wako wote. Nikiona umekushinda, utabaki nyumbani."

"Nipakie nini, Shangazi?"

"Vinavyohitajika."

Akapanda baiskeli yake, akaenda zake. Kijiti alilizunguka neno hilo moja kama mtu anayeizunguka nyumba isiyo na mlango.

Basi akaanza kuuliza watu.

"Blanketi," mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Na sweta. Baridi ya usiku ina meno, mwanangu." Akamtolea blanketi la sufu, zito kama gunia la unga. Kijiti akasema ndiyo, akalipokea.

Babu, aliyekuwa mpishi wa bweni la wanafunzi mpaka alipostaafu, aliamini kwamba kila balaa duniani huanza na tumbo tupu. "Mchele, maharage, chumvi, mafuta," alihesabu kwa vidole. "Na hiki." Akamkabidhi kinu kidogo cha mbao pamoja na mchi wake.

"Kinu, Babu?"

"Sasa kitunguu saumu utakitwanga kwa meno?"

Kijiti akasema ndiyo, akakipokea na kinu.

Kaka yake, fundi wa pikipiki, aliliona blanketi akacheka. "Baiskeli ikiharibika utaifunika ilale? Chukua spana hizi, mnyororo huu, tairi hili. Na nyundo."

"Nyundo ya nini?"

"Kazi ya nyundo huijui mpaka siku unapoihitaji, mdogo wangu."

Shuleni, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuzimika, alishangaa zaidi. "Yaani hujaweka nguo za picha? Wiki nzima ziwani na gauni moja? Watu watasema umeokotwa."

Kijiti akaweka na magauni.

Kadiri alivyouliza ndivyo alivyopotea. Mama alisema mchele utamwagika. Babu alisema spana haziliwi. Kaka alisema blanketi ni la wagonjwa. Kijiti alitoa blanketi, mama akapita, akalirudisha. Alitoa kinu, akamsikia babu akikohoa ukumbini, akakirudisha. Kila alipojiuliza yeye mwenyewe anataka nini, alisikia sauti za watu hao wanne zikijibu kwa pamoja, yake haimo.

Alhamisi alifunga mzigo wote kwenye keria, akaisimamisha baiskeli uani. Gurudumu la mbele likainuka taratibu, kama mbuzi anayetamani majani ya juu, na baiskeli yote ikalala chali. Kaka yake alicheka mpaka akakaa chini. Kijiti hakucheka. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Wewe nawe unajitesa bure," Redio alimwambia siku ya pili yake wakati wa mapumziko. "Shangazi yako anataka kuona kama utapanda mlima. Hakusema atafungua mikoba. Jaza kitu chepesi, ionekane imeshiba. Ukishafaulu, ndipo upakie vya kweli."

"Huo si uongo?"

"Umemwambia neno lolote?"

"Bado."

"Basi uongo uko wapi? Nionyeshe."

Kijiti aliutafuta uongo huo ulipo, akashindwa kuuonyesha kwa kidole, ingawa harufu yake aliisikia. Jioni, alipomaliza kufagia, hakulisogeza gunia nyuma ya mlango. Alichota sponji humo, akashindilia mikoba yote miwili mpaka ikavimba.

Jumamosi asubuhi aliupanda mlima bila kushuka hata mara moja. Nyumba zilibaki chini yake, kisha mashamba, kisha akalifikia tangi la maji akiwa na pumzi ya kutosha kuimba. Shangazi alifika nyuma yake akihema.

"Umenishangaza," alisema, akijifuta jasho. "Sikutegemea kabisa."

Maneno hayo Kijiti alikuwa ameyangoja wiki nzima, lakini yalipomfikia aliyaona kama chai isiyo na sukari. Alikuwa bado anajiuliza kwa nini, ndipo aliposikia mlio mdogo, sssss, kutoka gurudumu la mbele la shangazi. Kipande cha waya kilikuwa kimelitoboa tairi.

"Hakuna neno," shangazi akasema, akiigeuza baiskeli juu chini. "Lete pampu na viraka."

Kijiti alifungua kamba ya mkoba nusu, akaifunga. Akauendea mkoba wa pili, akaufungua, akasimama. Shangazi alisogea akainua kifuniko. Upepo ukachukua kipande cha sponji, kikaruka, kikadunda, kikashuka mlima mbele yao.

"Nini hiki?"

"Sponji, Shangazi."

"Kuwa ni sponji naona. Nauliza ni nini."

Kijiti akaanza kuzifunga kamba za mikoba.

Waliteremka kwa miguu, shangazi akiisukuma baiskeli yake huku ameinua gurudumu la mbele ili tairi lisikatwe na mawe, jua likiwapiga utosini. Hakugomba. Hilo lilimchanganya Kijiti kuliko kugombezwa, kwa sababu hakujua kama safari imekufa au ingali hai.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," shangazi alisema hatimaye. "Yako imeishia kwenye tangi la maji, kwa hiyo tutafika nyumbani mchana. Kama ingeishia porini, tungelala huko."

Hapo Kijiti akasema yote: blanketi, kinu, nyundo, magauni, ushauri wa Redio.

"Kwa nini hukurudi kuniuliza?"

"Niliogopa utaona kwamba sijui."

"Kwani unajua?"

"Hapana."

"Basi ningeona ukweli. Kuna ubaya gani?" Shangazi aliikwepesha baiskeli na jiwe. "Mimi nami nilikosea. Uliponiuliza upakie nini, nilikujibu neno moja lisilo na msaada. Lakini kosa langu halikujaza sponji."

Nyumbani walitandika mkeka uani wakamwaga kila kitu juu yake. Shangazi aliinua kimoja kimoja na kuuliza swali lile lile: "Hiki kisipokuwepo, kutatokea nini?"

Pampu isipokuwepo, Kijiti alijua sasa. Koti la mvua lisipokuwepo, watalowa. Spana ya magurudumu isipokuwepo, tairi halitafunguka. Vikawekwa kando, tayari kupakiwa. Nyundo isipokuwepo? Kijiti alifikiri sana. Hakuna kitakachotokea. Magauni ya picha? Hakuna. Blanketi?

"Nitaona baridi."

"Ndani ya hema kuna mifuko miwili ya kulalia, yenye joto. Hilo sikukwambia, na hukuuliza. Kinu je?"

Kijiti aliinamisha kichwa. "Babu atanuna."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, shangazi alicheka. "Basi hicho hakibebwi kwa baiskeli. Kirudishe mwenyewe, umwambie hukihitaji."

"Nitamwudhi."

"Huenda. Lakini ulipokubali usichokitaka, sponji ilianzia hapo."

Kutoka uani hadi chumbani kwa babu ni mwendo mfupi, lakini Kijiti alisimama mara mbili njiani. Mwishowe alinyoosha mikono. "Babu, asante. Ila hiki sitakibeba. Nilisema ndiyo kwa sababu nilikuonea haya."

Babu alikitazama kinu, akamtazama mjukuu wake. "Nawe ndiyo kwanza unasema leo? Siku zote hizi natwanga vitunguu kwa chupa!" Akakinyakua.

Mama alilipokea blanketi akiwa na uso wa kuumia kidogo. "Na sweta?"

"Sweta nitalichukua, Mama. Asubuhi nitalihitaji."

Uso wa mama ukafunguka. "Haya. Bora umesema."

Jumapili walirudi mlimani, mikoba ikiwa na mzigo wa kweli, vizito chini, uzito sawa pande zote mbili. Safari hii Kijiti alihisi kila kilo. Kwenye kona kali, chini kidogo ya tangi, miguu ilikataa. Akashuka, akasukuma, machozi na jasho vikimchanganyikia machoni. Hakujua kama amefaulu au ameshindwa.

"Nimeshuka, Shangazi," alisema walipofika juu. "Uliniona."

"Baiskeli imefika?"

"Imefika."

"Mzigo?"

"Umefika."

"Na wewe?"

Kijiti alijitazama, kana kwamba anahakikisha. "Nimefika."

"Basi tunakwenda ziwani." Shangazi aliketi juu ya jiwe, akampa maji. "Sikiliza. Jana ulipanda bila kushuka, na hakuna kati yetu aliyejua lolote juu ya nguvu zako. Leo tunajua kwamba kwenye kona kama ile utasukuma. Kwa hiyo siku zenye milima tutakwenda mwendo mfupi, na hatutachelewa kupiga hema. Ukweli, hata usipopendeza, unaweza kuupangia safari. Uongo, hata upendeze vipi, huwezi kuupangia kitu. Na mtu asiyejua, akikubali kwamba hajui, tayari ameanza kupakia vizuri."

Kijiti alikunywa maji, akafunga chupa. Kichwani mwake bado mambo mengi yalikuwa yamevurugika: mvua, barabara, mahali pa kulala.

"Shangazi, nina swali."

"Uliza."

"Ni mengi."

"Anza na la kwanza," shangazi alisema, akasogea kumpa nafasi juu ya jiwe.